Mkanda wa Nyanchoka

Gesare alikuwa fundi wa viti vya magari pale Masimba, na watu wenye haraka walimkera. Kwa hiyo Jumatano ile Mwalimu Ondieki alipomletea saluni kuukuu ya rangi ya krimu, akitaka viti vipya kabla jua la Ijumaa halijatua, alimtazama kwanza kuanzia kofia hadi viatu.

"Mwalimu, hili gari lina miaka zaidi ya sitini. Limetulia muda wote huo, leo ndio limepata haraka?"

"Sabato hii natoa shukrani kanisani, na gari ndilo ushahidi wangu," akajibu yule mwalimu mkuu mstaafu. "Toa viti vyote uchome. Lakini huo mkanda wa nyuma, usiuguse kabisa."

Akamweleza. Mwaka wa sitini na tatu, yeye akiwa na miaka minne, baba yake aliteleza na gari hilo kwenye mteremko wa Magwagwa, mvua imenyesha. Likapinduka mara mbili, milango ikafunguka. Watu walipofika walimkuta mtoto ananing'inia kwenye mkanda kama kuku wa sokoni, analia, lakini mzima.

Kisha akatoa kwenye kijidroo cha mbele tangazo la gazeti lililokunjwa. Bibi wa Kizungu mwenye glavu alikuwa anatabasamu, mtoto wake amefungwa kiti cha nyuma. Chini yake: *Mama, tulia. Wataalamu wetu wa ng'ambo wamemfikiria mwanao.*

"Nilipopata kazi niliwaandikia hao wataalamu barua ya asante. Wakanijibu eti hawajawahi kutengeneza mkanda kama huo. Nikaona ni unyenyekevu tu."

Gesare akacheka, akainama kuuangalia mkanda huo wa ajabu. Chini ya kiti, mahali ambapo hakuna jicho lingefika, kicheko kikamkauka. Uzi ulikuwa umepita juu ya ukingo, ukarudi kwa chini, ukafungwa vile wanawake wa Kisii wanavyomalizia ukingo wa ekee, kile kikapu cha kupakulia ugali wa wimbi. Aliwajua watu wawili tu wanaomaliza mshono wa gari namna hiyo. Mmoja ni yeye mwenyewe, na wa pili ni aliyemfundisha.

Huyo alikuwa Nyanchoka, bibi yake mzaa baba, wa Sironga. Ujanani alishona mapazia na viti katika duka moja la magari mjini Kisii, na alikuwa na hadithi yake. Kwamba aliona watoto wakibiringika viti vya nyuma, akabuni mkanda wa kupita kifuani na kwapani, jinsi mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Kwamba aliujaza gauni lake mwenyewe la maua ya njano, alilolikata vipande, ili usimchune mtoto shingo. Na kwamba siku ya kupigwa picha ya tangazo, aliambiwa akae stoo mpaka mpiga picha aondoke.

Nabii hana heshima kwao. Kila familia ilipokutana, baba mdogo Nehemiah aliuliza, "Na matairi, mama, si uliyafuma wewe pia?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Gesare naye alikuwa akicheka. Alicheka huku akila mkate kwa ufundi aliofundishwa na huyohuyo bibi, na sasa aibu ilimwingia hadi kwenye mifupa.

"Mwalimu, niruhusu nifungue mshono mmoja."

"Nimekwambia usiuguse! Huo mkanda ndio uhai wangu."

"Nikikosea, tafuta fundi mwingine, na mimi nitampikia chai mpaka amalize kazi."

Ondieki akaizungusha kofia mikononi mara nyingi, hatimaye akakubali kwa kichwa. Gesare akapitisha wembe taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kikachungulia. Kilikuwa na maua ya njano, na kwa kuwa hakijawahi kuona jua, yaling'aa kama yametoka dukani asubuhi hiyo.

Gesare akaketi chini kwenye vumbi, akalia bila kujificha.

"Barua yako ilikosa njia, Mwalimu," akasema alipoweza. "Aliyekushonea yuko hapo Sironga."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, na ulimi wake pia."

Haraka ya viti ikasahauliwa. Gesare akarudisha mshono, naye kwa mtindo uleule, wakaondoka mchana huohuo.

Nyanchoka, miaka themanini na minne, alikuwa barazani anachambua maharagwe, Nehemiah kando yake. Hakuwaangalia wageni. Aliangalia gari. Akachukua fimbo, akaja, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapeleka mkono chini ya kiti pasipo kutafuta.

"Nilifungua, magokoro, bibi yangu," Gesare akamwambia. "Nimeliona gauni. Nisamehe kwa kukucheka."

Nehemiah akainamia maharagwe kana kwamba ameyaona leo. Mwalimu Ondieki, mtu aliyehutubia magwaride miaka thelathini, akavua kofia, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Wewe ndiye uliyekuwa mtoto wa mkanda huu?" Nyanchoka akamuuliza. "Basi niambie. Nimekaa na swali hili toka usichana wangu. Ulishika?"

"Ulishika, mama. Gari lilipinduka mara mbili, mkanda ukashika. Nina watoto watano na wajukuu tisa. Mbuya mono, mama. Asante sana. Asante."

Nyanchoka akamvuta karibu, akaifungua kola ya huyo mzee wa miaka sitini na sita, akamgeuza kwenye mwanga na kumkagua shingo pande zote mbili.

"Hakuna alama," akasema. "Basi gauni langu halikupotea bure."