Picha ya Kukabidhi Kamba

Katika soko la ng'ombe la Ndhiwa, muuzaji na mnunuzi walipiga picha pamoja wakishika kamba ya mnyama, mmoja akitoa, mwingine akipokea. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa shahidi. Zamani Masese, mpiga picha wa soko, alipeleka filamu Kisii na shahidi akarudi baada ya wiki. Mwaka huo wa 1999 alikuwa na kamera isiyojua filamu. Picha ilikaa kwenye diski, na ilionekana papo hapo katika kioo kidogo mgongoni mwa kamera.

Asubuhi ile aliwapiga picha Jared, mchuuzi wa ng'ombe, na Mirumbe, mkulima mpole kutoka Migori, Jared akitoa na Mirumbe akipokea kamba ya fahali mwekundu. Mchana alisikia kelele: jakuo, mwizi. Jared alikuwa amemvamia Mirumbe langoni, akidai fahali wake ameibwa. Alitaka fahali arudi na pesa alizolipwa zibaki mfukoni mwake.

Masese alimkuta Mirumbe amepiga magoti katikati ya umati, sikio moja linaning'inia. Rungu likamshukia begani, mfupa ukalia kama kuni kavu.

Masese akajitosa katikati, kamera juu, akasema ushahidi anao. Watu wakasogea kutazama. Lakini jua lilikipiga kioo, kikawa cheusi tii. Wakacheka; mmoja akamwuliza kama anawauzia kioo cha kunyolea ndevu. Akavua koti, akawaambia mtu aingize kichwa chini yake, gizani ataona.

"Mwenye ng'ombe ndiye aangalie," mzee mmoja akaamua, na wote wakaona hiyo ni haki.

Jared akaingiza kichwa. Chini ya koti, shavu kwa shavu, Masese alisikia pumzi yake ikikatika. Kiooni Jared alikuwa akitabasamu, kamba mkononi.

"Omera, ndugu yangu, ukisema neno, wewe ndiye wa pili," akanong'ona.

Alipotoka aliwaambia hakuna kitu, akainyakua kamera na kuipasua juu ya mwamba. Masese akapiga kelele kwamba anadanganya. Ngumi ikamng'oa jino. Akiwa chini mavumbini aliona jiwe la mafiga likiinuliwa kwa mikono miwili, kisha akasikia lilipotua. Mirumbe hakulia tena.

Kamera ilikufa, diski haikufa. Masese aliitia ndani ya soksi akaenda Homa Bay kwa binamu yake Caren, karani mwenye kompyuta na printa ofisini. Karatasi ikatoka polepole, mstari kwa mstari: anga, pembe, paji la uso la Jared, tabasamu, kamba. Caren akamwambia aipeleke polisi moja kwa moja, asipite popote. Masese akakubali. Ila barabarani ulimi wake ukawa unagusa pengo, na kila ukigusa hasira inapanda. Waliomwita mwongo waione kwanza.

Siku ya soko akaigongomea kwenye nguzo ya lango. Watu wakasongamana kuitazama. Yule aliyeinua jiwe la mafiga alisimama hapo muda mrefu kuliko wote. Kisha vichwa vikageuka kwa Jared, aliyekuwa akipatana bei ya mtamba.

"Jakuo," mtu akasema, bila kupaza sauti.

Masese akawaambia picha ni ya polisi, ni ya mahakama. Akaing'oa kwenye nguzo, akaificha kifuani. Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wameinama, wakiokota mawe.