Ndiyo, Kila Siku

Mama alinibandika jina la Bibi Maswali tangu nilipoanza kupita nyumba kwa nyumba na dodoso la afya. Nyumba yetu ilipoangukia kwenye orodha yangu, nilipaswa kumwachia mwenzangu, maana hatuhoji ndugu. Lakini mwenzangu alikuwa mbali, nami nilitaka kuumaliza mtaa. Nikajiambia, kwetu nani atanidanganya?

Mama alivaa gauni lake la kutokea, akakaa mbele ya cherehani yake kama anayesubiri kupigwa picha.

"Siku saba zilizopita, umekunywa dawa yako ya presha kila siku?"

"Ndiyo, kila siku." Mkono wake ulikuwa juu ya droo ya cherehani. "Andika vizuri, mwanangu. Wakubwa wako wasije wakasema mama yake mwenyewe ndiye mkaidi."

Tulicheka. Nikaandika ndiyo.

Swali la mwisho hujibiwa na sisi wahoji: kulikuwa na mtu mwingine aliyesikia majibu? Limewekwa kwa sababu mke aliyekaa na mumewe hujibu yatakayomridhisha mume. Nikatazama chumba. Nikajaza hapana.

Wiki ya tatu baada ya hapo, mama alianguka jikoni. Kiharusi. Hospitali hakufika.

Tulipokwisha kuzika, dada yangu alifungua ile droo akitafuta sindano. Chini ya vifungo kulikuwa na vidonge vya miezi minne.

"Vilikuwa vinamvimbisha miguu," dada alisema. "Aliniambia. Akaniapisha wewe usijue, usije ukaaibika kazini."

Majirani walinong'ona kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wakome! Mama alimficha mtu mmoja tu. Ningejua, ningempeleka kliniki siku ileile akabadilishiwa dawa.

Ripoti ilipotoka, ilisema wagonjwa tisa kati ya kumi wanakunywa dawa zao. Mama yumo kwenye hao tisa, mzima, anameza kidonge kila siku. Na kila mlango ninaobisha, nikifika kwenye swali la dawa, namsikia nyuma yangu: andika vizuri, mwanangu. Huwa nageuka. Naogopa, lakini nageuka.

Jana nilifungua tena fomu yake. Nilisoma majibu yote nikitafuta uongo, nikaukuta mwishoni, kwenye swali langu mimi.

Kulikuwa na mtu mwingine? Hapana.

Kulikuwa na binti yake.