Choo cha Devotha

Kwa miaka mitatu choo kile kiliitwa choo cha Devotha. Jina hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa perege, na leo sioni haya kulisema.

Devotha ni mdogo wangu, yuko Dar. Mimi ni Yustina, kifungua mimba, niko Bigwa na mama yetu, kwenye kiwanja kinachoteremka mpaka kijitoni. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, akawa hawezi tena kuchuchumaa kwenye choo cha zamani kule nyuma ya migomba, Devotha akatuma hela kijengwe choo cha kukaa, cha ndani ya nyumba. Alituma kwa simu akiwa ofisini kwenye kiyoyozi, na kazi yote iliyobaki ikawa yangu. Nilibeba mawe. Niliteka maji ya zege. Nilimpikia fundi Raphael na vibarua wake siku kumi na tisa, na nikagombana na mwenye lori la mchanga mpaka sauti ikakauka.

Choo kilipokwisha, mama akaialika jumuiya yake ya kanisani. Kila aliyeingia kujisaidia alitoka akisema, "Hongera, Mama Devotha." Mama Devotha! Mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na huyu wangu aliitwa Mama Yustina kwa miaka arobaini na mbili. Hakumsahihisha hata mmoja. Alicheka tu, akawaonyesha namna ya kubonyeza maji yakashuka.

Hawakujua kwamba nilishafanya la kwangu. Siku fundi alipomwaga mfuniko wa shimo la choo kule nje, zege likiwa bado bichi, nilichukua msumari nikaandika YUSTINA, kila herufi kubwa kama kiganja. Kisha nikalifunika jina langu kwa majani ya mgomba, na kila yalipooza nikaweka mengine.

Sasa hilo shimo lenyewe. Fundi alitaka kulichimba juu, upande wa barabara, mbali na maji. Lakini kwetu Waluguru ardhi inapita kwa wanawake, na mama alikwisha kutugawia: kipande cha juu cha Devotha, cha chini changu, na mpaka wake ni mstari wa mananasi. Mama akamwambia fundi, "Usimchimbie mwanangu shimo la choo kwenye kiwanja chake. Atakuja kujenga." Sijui mimi siku hiyo nilikuwa mtoto wa nani. Shimo likachimbwa kwangu, hatua ishirini tu kutoka kijitoni, bila kibali cha mtu yeyote. Sheria inataka mita sitini. Nilikuwa nimesikia habari za hizo mita, nikanyamaza, maana ningesema wangeniambia nina wivu. Na kweli ninao.

Masika ya mwaka huu shimo likajaa, likavujia kijitoni. Walima mchicha wa bondeni wakashtaki, na bwana afya akaja. Aliitwa Abdi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipima, akapiga X nyekundu kwenye ukuta, akatupa siku kumi na nne tulifukie shimo. Akasema atarudi Jumamosi kuandika jina la aliyejenga, maana huyo lazima apandishwe mahakamani.

Nikampigia Devotha simu nikiwa na raha zangu.

"Choo chako kimepigwa X."

"Changu? Dada, mimi nilituma hela tu. Msimamizi ulikuwa wewe."

"Miaka mitatu kilikuwa chako."

"Watu ndio walisema."

"Na wewe ukaitikia."

Akakata simu.

Jumamosi asubuhi alifika na treni, amevaa viatu vyeupe, Bigwa hii yenye matope ya masika. "Shikamoo, dada," akasema. Nikamwitikia marahaba huku namenya ndizi. Mama alimshika mashavu yote mawili, akamwuliza mbona amekonda. Mimi nakonda mbele ya macho yake kila mwaka na sijawahi kuulizwa.

Tulianza hata kabla ya chai.

"Dada, mimi nina kazi ya serikali," Devotha alisema. "Jina langu likifika mahakamani, nimekwisha. Wewe nani atakufukuza? Mchicha?"

"Kumbe unajua nalima mchicha. Nilidhani unajua kubonyeza simu tu."

"Tungechimba juu haya yote yasingetokea."

"Juu ni kwako! Mwulize mama nani alikataa."

Mama alikuwa kwenye kiti chake, anachambua maharage.

Abdi akafika. Akasalimia, "Shikamoo, Mama Devotha," akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata, mama akiegemea bega langu. Kwa ncha ya kiatu akasukuma majani makavu ya mgomba kutoka kwenye mfuniko. Akainama, akasoma.

"Yustina ni nani?"

Nilidhani Devotha angeshukuru Mungu. Badala yake macho yalimtoka.

"Dada! Hela yangu, halafu ukaandika jina lako?"

"Chukua msumari uongeze la kwako. Bwana afya anasubiri."

Abdi akasema maandishi kwenye zege hayamtoshi, anataka kauli ya mwenye nyumba. Akamgeukia mama, akamwuliza taratibu, "Mama, ni nani alikujengea choo hiki?"

Mama alimtazama Devotha, kuanzia usoni mpaka kwenye vile viatu vyeupe. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Yustina. Kanijengea Yustina. Mawe alibeba yeye, maji aliteka yeye, fundi alimlisha yeye. Huyu mwingine anakaa Dar, hata shimo lilipo alikuwa halijui."

Kumbe aliona. Kila jiwe nililobeba mama yangu aliliona. Akayaweka maneno hayo miaka mitatu, akaja kuyatoa siku ya kumwokoa Devotha. Sikuwa mjinga, nilielewa. Lakini Mungu anisamehe, nilifurahi. Moyo uliniruka kama wa mtoto aliyeitwa mbele darasani, na nilipomwangalia Devotha nikaona uso umemshuka, kama aliyenyang'anywa kitu.

"Andika," nikamwambia Abdi. "Kwa herufi kubwa."

Nikasaini. Abdi akafunga kalamu yake, akasema tukitaka choo kingine tuombe kibali, na shimo likae juu, ng'ambo ya mananasi.

"Kwa Devotha hapana," mama akasema. "Atakuja kujenga. Mimi nitarudi choo cha zamani."

Nilimngoja Devotha aseme neno moja tu. Alikuwa anaangalia saa ya treni kwenye simu.

Mahakamani nilitozwa faini na kuonywa. Raphael akavunja mfuniko kwa nyundo, YUS ikaangukia upande huu na TINA upande ule, vikafukiwa pamoja na shimo. Tukarudi choo cha zamani. Kutoka mlangoni ni hatua arobaini, nimezihesabu, na mwenye kumshika mama mkono hatua zote hizo ni mimi. Anachuchumaa akilia kwa maumivu. Mimi nasimama nje nimeshika mlango wa bati, naye Devotha huko aliko anapiga simu jioni kuuliza mama anaendeleaje, na mama anamjibu, "Mzima kabisa, mwanangu."

Wiki ya pili, tukiwa njiani kurudi chumbani, mama alisimama kwenye mananasi kupumua. Akanyoosha kidole kwenye kipande cha juu.

"Majani ya kwa Devotha yamerefuka. Kesho uyafyeke."

"Nitayafyeka, mama."

Na kweli niliyafyeka. Asubuhi na mapema, jua halijapita mlima, nilikuwa nimekwisha kusafisha kona nzima ya juu. Ndipo Raphael akaingia na sululu. Vigingi vinne vilikuwepo tayari. Abdi alikuwa amekuja kupima Alhamisi iliyopita, mama akiwa jumuiya, na karatasi ya kibali nilikuwa nayo kwenye fundo la kanga. Raphael akapiga sululu ya kwanza, ya pili, na dirisha la mama likafunguka.

"Nani anachimba kwa Devotha?"

Raphael alisimama, akanitazama. Nikamnyang'anya sululu.

"Yustina, mama," nikaitika. "Nakujengea choo."