Waliompima Benigna

Dada yangu Benigna amepimwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi nimejua watu wengi, maana nimezunguka. Nimevua dagaa visiwani, nimechimba Geita, nimelinda maghala Kahama, nimefyeka kando ya barabara kutoka Biharamulo hadi Nyakanazi. Shule nimeisoma vipande vipande: mpaka la nne Kamachumu, la tano na la sita kwa mjomba Biharamulo, la saba sikulimaliza. Ukubwani nilijiunga na masomo ya jioni Mwanza, na mwalimu mmoja akatufundisha Kiingereza kwa miezi mitano kabla hajahamishwa. Hicho Kiingereza cha miezi mitano ndicho kilichotuponza. Nitafika huko.

Benigna aliolewa Ngenge, akafiwa na mume hukohuko, akabaki na kibanja chake cha migomba na maharage yake. Na watafiti wanaipenda Ngenge. Sijui wanaipendea nini. Labda kwa sababu watu wa pale hawajui kumkatalia mgeni.

Walianza wa mbu. Walitundika taa yenye mfuko wa wavu karibu na kitanda chake, na asubuhi wakahesabu mbu mmoja mmoja kwa kibanio kidogo kama cha kung'olea nyusi. Wakaja wa minyoo, wakampa kikopo, wakamwambia watakipitia asubuhi, naye akaona haya wiki nzima. Wakaja wa macho. Wakaja wa moshi wa jikoni, wakamvalisha kimashine shingoni siku mbili. Akapika nacho, akaenda nacho misa, na padri akakiangalia sana. Wakaja wa uzee, wakamtembeza uani huku wameshika saa, wakampa kitu cha chuma aminye kwa nguvu zake zote. Alikiminya hadi yule kijana akasema, "Bibi, basi, tuachie mashine." Akaja mmoja wa mitishamba, akaondoka na kiroba kizima cha mubilizi, yale majani machungu tunayochemsha tumbo likiuma.

Wakaja na wa huzuni. Binti mmoja mpole, Maimuna, mtoto wa mjini Bukoba, akakaa kwenye kigoda akamuuliza, "Bibi, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejiona huna thamani?"

Benigna akacheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu, wiki mbili zilizopita nilikuwa navuna maharage."

"Kwa hiyo niandike hakuna?"

"Andika magunia mawili."

Kila aliyekuja alikuta kisahani cha kahawa za kutafuna, kama heshima ya nyumba inavyotaka. Kila aliyeondoka aliondoka na kitu chake. Wa mbu hakuangalia macho. Wa macho hakugusa damu. Wa moshi hakutaka habari za tumbo. Mwili mmoja, nao waliugawana kama nyama ya Krismasi, kila mtu na fungu lake.

Walichoacha nyuma ni vyeti. Karatasi ngumu, nembo, muhuri: Tunamshukuru Bi. Benigna kwa kushiriki. Aliviweka chini ya godoro mpaka siku nilipokuja, miaka miwili na ushee iliyopita. Nilikuwa natoka Kahama bila kazi. Sipendi kukaa kwa mtu bure, nikachukua vipande vya mbao na vioo vya dirisha bovu la mwalimu Rwegasira, jirani yake, nikamtengenezea fremu. Nilikuwa nimemaliza tatu alipofika Kahangwa, mhudumu wa afya wa kitongoji, na mfuko wa bahasha.

"Benigna, mzigo wako kutoka kwa wale wa damu," akasema. Wale wa damu walikuwa wamekuja miezi miwili kabla. Walimtoa chupa tatu, wakaenda nazo mjini. Kahangwa akampa khanga, mche wa sabuni na bahasha, akaendelea na nyumba nyingine.

Benigna akafungua. Karatasi moja, ya Kiingereza, ina muhuri wa bluu mkubwa kuliko yote. Akaninyooshea.

"Haya, wewe uliyesoma Mwanza. Inasemaje?"

Miwani yangu ilikuwa imevunjika Kahama. Lakini hata ningekuwa nayo, nisidanganye. Niliona jina lake. Niliona tarehe. Niliona maneno marefu ambayo mwalimu wetu hakuyafikia. Na pale chini kabisa, juu ya sahihi, nikaliona neno la asante. Hilo nililijua vizuri. Nilikuwa nimejisifu kwake miaka kumi na mitano kwamba Kiingereza nakielewa, kinachonisumbua ni kukizungumza tu.

"Wanakushukuru," nikasema. "Wanakushukuru sana kwa damu yako."

"Hata hii?"

"Hii ndiyo wamekushukuru kuliko zote. Huoni muhuri?"

Akaiweka kwenye khanga mpya akaiangalia kwa furaha. Nikaitengenezea fremu ya nne, nzuri kuliko zile tatu, nikaipiga msasa. Nikaitundika katikati ya ukuta, chini kidogo ya Bikira Maria. Wiki iliyofuata nikaondoka.

Niliporudi mwaka huu, nilimkuta amekonda, khanga inamzunguka mara mbili. Mguu wa kulia ameufunga kitambaa. Aliukata kwa jembe, akasema, miezi mitatu iliyopita. Nikaufungua. Harufu ilinitoa nje.

"Benigna, huu mguu unaoza."

"Ni kajeraha tu, waitu, ndugu yangu. Zahanati wamenipa unga wa kupaka."

"Umekonda. Tangu nimefika umekunywa mtungi mzima."

"Jua kali."

"Twende hospitali."

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Karugendo, mimi nimepimwa. Nimepimwa macho, kifua, choo, damu. Unajua wamechukua chupa ngapi za damu yangu? Ningekuwa na ugonjwa, watu wote wale, na magari yote yale, wangekosa hata mmoja wa kuniambia?"

Nikaona anasema kweli. Kweli kabisa. Ndivyo walivyoamini wote kijijini: aliyetolewa damu amepimwa, na aliyepimwa akanyamaziwa ni mzima. Tukakaa siku tisa zaidi. Siku ya kumi vidole viwili vilikuwa vyeusi kama mkungu uliopigwa na moto. Nikaita pikipiki mbili.

Hapo ndipo alipogoma kuondoka bila vyeti vyake. "Daktari atataka kujua nimepimwa nini," akasema. Nikavibandua ukutani na fremu zake, nikavitia kwenye mfuko wa salfeti. Nilivipakata mapajani njia nzima, kutoka bondeni kupanda hadi hospitalini, vioo vikigongana kila shimo.

Daktari aliitwa Ndyamukama, mtu mzima, sauti ya chini. Alimchoma kidole, akaangalia kile kimashine, akamchoma kingine.

"Bibi, umewahi kuambiwa una kisukari?"

"Sijawahi. Na nimepimwa, daktari. Nimepimwa vyote. Kaka, mwonyeshe."

Nikazipanga fremu mezani kama mchuuzi. Akaangalia ya kwanza akatabasamu. Ya pili. Ya tatu. Ya nne akaisoma, akaichukua akaenda nayo dirishani, akaisoma tena.

"Nani ameweka hii kwenye fremu?"

Nikaanza kukunja mfuko wa salfeti.

"Hiki si cheti," akasema. "Hii ni barua ya rufaa. Imeandikwa kwangu."

"Kwako wewe?" Benigna akauliza. "Unafahamiana nao?"

"Kwa daktari yeyote atakayekupokea, bibi. Inasema sukari yako iko juu sana, uanze dawa wiki hiyohiyo. Mwishoni wananishukuru mimi, kwa kukuhudumia." Akaangalia tarehe. "Ina miaka miwili na miezi mitatu."

Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu, imepigwa rangi karibuni. Nilisubiri Benigna aseme. Alikuwa na haki ya kusema, mbele ya daktari, mbele ya nesi, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanachungulia mlangoni.

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Ina muhuri."

Walimkata chini ya goti siku ya tatu.

Mtu mwenye kosa hutafuta wa kumtupia. Nilimwacha wodini, nikateremka hadi Bukoba, Miembeni, nikaulizia nyumba ya watafiti. Niliipata: ya kupanga, geti jeusi, jenereta, friji zinanguruma hadi nje. Karatasi milangoni zilisema kila chumba ni mradi gani. Chumba cha chanjo. Chumba cha kuumwa na nyoka. Cha tatu sikukielewa. Akatoka kijana anayeitwa Haidari, na nikamtambua. Alikuwa miongoni mwa wale wa damu.

"Shikamoo mzee."

"Sikuja kusalimiana."

"Basi marahaba nitakudai. Karibu ukae."

Nikamwambia yote, isipokuwa moja. Nikapaza sauti. Nikamwambia mmemkata dada yangu mguu. Watu wakatoka kwenye vyumba vya nyoka na chanjo. Haidari alisikiliza, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili, akatoa nakala ya ileile barua.

"Tulimpa, mzee. Hii hapa."

"Mwanamke wa Ngenge mnamwandikia Kiingereza?"

"Barua ilikuwa ya daktari."

"Na yake yeye?"

Akakuna kichwa. "Tulipendekeza iwepo na karatasi ya Kiswahili. Haikupita. Mhudumu wa kitongoji ndiye aliyetakiwa awaeleze."

"Kahangwa aliambiwa agawe khanga."

"Inawezekana." Akashusha sauti. "Mzee, naomba radhi. Kweli naomba radhi. Ule mradi ulifungwa mwaka juzi, hata wakubwa wake hawapo. Lakini niambie kitu kimoja. Barua ile yenye muhuri, bibi hakumpelekea mtu yeyote amsomee?"

Nikachukua kofia yangu. Nikamwambia nimechelewa gari.

"Subiri," akasema. "Yuko Ngenge ile ya bondeni? Sasa hivi tuko kwenye utafiti mwingine." Akanionyesha mlango wa kile chumba cha tatu. "Watu waliochelewa kufika hospitali. Tunataka kujua kwa nini wanachelewa. Dada yako tungependa sana kuongea naye."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumtukana, na njiani nilimtukana. Lakini pale nilisema ndiyo, kwa sababu mtu akikuomba radhi kisha akakuomba kitu, na wewe ndani mwako unajijua, unakosa mdomo.

Alikuja baada ya miezi miwili. Benigna alikuwa nyumbani, mkeka umetandikwa mlangoni, magongo pembeni. Zamani mgeni akiingia alipiga magoti kumwamkia. Siku hiyo alijisogeza kwa mikono, akatafuta namna, akaikosa, akasema, "Utanisamehe, waitu, magoti yangu yamebaki moja." Haidari akainama chini kabisa hadi kichwa chake kikawa chini ya cha Benigna. Sikumpenda hata hivyo.

Kahawa zikaja. Kishikwambi kikatolewa. Haidari akamsomea karatasi ya ridhaa, safari hii kwa Kiswahili, na mistari mingine akairudia kwa Kihaya. Benigna akasikiliza yote, akaweka dole gumba.

Maswali yalikwenda vizuri. Umri. Watoto. Nyumba ya bati au nyasi. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikichonga mpini wa jembe ambao hakuna aliyeuomba.

"Swali la kumi na saba, bibi. Ulikuwa na barua ya rufaa na hukwenda hospitali. Nitakusomea sababu, wewe uniambie ipi. Moja, umbali. Mbili, nauli. Tatu, imani za kienyeji. Nne, kumwogopa daktari. Tano, nyingine."

Kisu changu kilisimama. Nilijua kwamba hapo ndipo pangu. Ningesema tu: niandike mimi, Karugendo, kaka yake, niliyejua neno moja. Nilifungua mdomo, naamini niliufungua. Kikatoka kikohozi.

Benigna hakugeuka kuniangalia. Alikuwa analainisha khanga juu ya kile kipande cha mguu.

"Umbali si sababu," akasema. "Siku ile nilifika. Nauli ilikuwepo. Daktari simwogopi, nimepimwa na wengi."

"Imani?"

"Imani ilikuwepo. Lakini si hiyo unayoiuliza." Akamsogezea kisahani cha kahawa. "Andika hapakuwa na mtu nyumbani wa kunisomea."

"Hakukuwa na mtu kabisa?"

"Kabisa."

Haidari akateremsha kidole kwenye kioo, akapandisha. "Hiyo haimo, bibi. Niweke nyingine?"

"Weka."

Akaweka. Nami nikainuka kutoka kizingitini ili nisiwazibie mwanga, wakaendelea na swali la kumi na nane.