Mstari Kati ya Jalada na Mgonjwa

Yule binti alipoingia chumba changu cha majalada na kusema, "Shikamoo mama, nimekuja kujifunza kazi yako," machale yakanicheza. Miaka ishirini na sita napanga majalada ya hospitali hii, na hakuna aliyewahi kuja kujifunza chochote. Wanakuja kulalamika tu. Nikaitikia marahaba kwa mdomo, jicho nikalibakiza kwake.

Alikuwa mchambuzi wa mifumo ya kompyuta. Hospitali ilikuwa inahamia kwenye kompyuta, na kazi yake ilikuwa kutuuliza maswali kabla waunda programu hawajaanza. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora visanduku: MGONJWA, JALADA, KITANDA, KIPIMO. Kisha akaviunganisha kwa mistari. Mimi nikambatiza Bi Visanduku.

"Hii ni ramani ya kazi yenu, mama," aliniambia. "Tukikosea hapa kipi ni nini na kinahusiana na kipi, kompyuta nayo itakosea. Tunaunda kidogo kidogo. Kila wiki mbili tutawaonyesha, mtukosoe."

Maneno matamu hayo. Nilivikagua visanduku kimoja kimoja. Maabara ipo, wodi ipo, hata kitanda kina kisanduku! Mimi simo. Haya, nikajisemea, kumbe tunachimbwa huku tunachekewa. Wakishajua ninachokijua, wataniambia nikapumzike nyumbani.

Tangu hapo nikawa namjibu kwa kubana. Akiuliza, nami namuuliza kwa nini anauliza. Akiandika, nachungulia anaandika nini. Siku moja nikamkuta ananong'ona na mganga mkuu kwenye korido, wakanyamaza nilipopita. Si nilisema mimi?

Kesho yake akanijia na kalamu. "Mama, jalada moja ni la mgonjwa mmoja tu? Haitokei hata siku moja likawa la wawili?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Kwetu mtoto mchanga hafunguliwi jalada mpaka apewe jina. Siku zake za kwanza anakaa ndani ya jalada la mama yake, kwenye karatasi ya kijani ninayoibana kwa mkono wangu: uzito, joto, kundi la damu. Haijaandikwa popote. Ni utaratibu niliouanzisha mwenyewe, na wakunga wakauzoea mpaka wakaacha kuuona.

Nikamtazama usoni. "Ndiyo. Jalada moja, mgonjwa mmoja."

"Una hakika, mama?"

"Umekuja kuniuliza au kunipima?"

Akachora mstari, akaandika moja huku na moja kule. Nikarudi kwenye rafu zangu na furaha mbaya moyoni. Acha waunde. Watakwama, watarudi kunipigia magoti.

Majaribio yakaanzia wodi ya wazazi, na karatasi zote za wodini zikasimamishwa, zangu za kijani zikaondoka nazo. Mimi nikanyamaza, nikisubiri wakwame. Siku ya tisa mwanangu akajifungua pale pale, mtoto wa kike, salama kabisa. Kesho yake mchana nikaenda kuwaona.

"Hongera bibi!" mkunga akanichangamkia. "Kesho wanakwenda nyumbani hawa."

"Na sindano? Mwanangu ni damu hasi. Mtoto katoka na damu gani?"

Mkunga akageukia kompyuta. "Hasi pia. Basi haihitajiki."

"Hasi hiyo ni ya nani?"

Akaitazama tena. "Ni ya... jalada."

Mama wa damu hasi akizaa mtoto wa damu chanya, anatakiwa achomwe sindano ndani ya siku tatu. Asipochomwa, mwili wake unaweza kuipiga vita mimba inayofuata. Sikuyasoma haya kitabuni. Mimi nami ni damu hasi; mimba yangu ya kwanza ilitoka, na sikuchomwa. Huyu mwanangu alipona kwa kuwa ni hasi kama mimi, na ndiye wa pekee. Watatu waliomfuata, wote chanya, hawakufika. Karatasi ya kijani niliianzisha kwa ajili yao.

Nikakimbia maabara na umri huu. Fundi wa maabara akashangaa. "Damu ya mtoto? Niliingiza, mashine ikakataa. Ikasema mgonjwa huyu ana kundi tayari. Nikajua nimeletewa kipimo mara mbili." Akafungua daftari lake la mkono. Mtoto alikuwa chanya.

Mwanangu alichomwa saa ile ile. Nilimshika mkono mpaka sindano ikatoka, ndipo nikarudi chumba cha majalada, kwenye ile karatasi ukutani.

"Nilikudanganya," nikamwambia Bi Visanduku nikiwa bado mlangoni. Nikamweleza yote: karatasi ya kijani, watoto wachanga, mwanangu. "Nilidhani unanichimba unifukuzishe. Kila kitu umekichora, mimi hukunichora!"

"Mama, hapa tunachora vitu ambavyo kompyuta itavitunza. Hata mimi simo." Akanyanyua kikaratasi kilichobandikwa juu ya ule mstari wangu. Chini yake palikuwa na alama ya kuuliza, na maneno: *Muulize mama tena. Watoto?* "Nilishuku siku ile ile. Kwa mganga mkuu nilikwenda kuomba uingie kwenye timu yetu. Nikasema nisikubane, utaniambia mwenyewe siku ya onyesho. Ijumaa."

"Ulishuku, ukawaacha waendelee?"

"Nilidhani tuna wiki mbili," akasema, na machozi yakamtoka.

Sikuwa na uso wa kumgombeza. Nikavuta kiti. "Tangu majaribio yaanze, wamejifungua wangapi?"

Kumi na mmoja. Tukayapitia majalada yote pamoja, mimi nasoma, yeye anaandika. Mbali na mwanangu, mwenye damu hasi alikuwa mmoja tu. Mtoto wake, kwa daftari la maabara, alikuwa chanya. Alijifungua siku tano zilizopita na tayari alikuwa kwake. Ndiyo mimba yake ya kwanza. Tukampigia daktari.

"Imechelewa," daktari akasema, "lakini inaweza kusaidia kiasi. Aje leo hii."

Bi Visanduku akachukua simu, akaanza kubonyeza namba.

"Lete hapa," nikamwambia. "Aliyesema ndiyo ni mimi."

Simu ikaita mara tatu. Kwanza nikasikia mtoto analia, kisha sauti ya msichana, yenye furaha: "Haloo?"