Kule Umeme Haukatiki

Dada yangu alikuwa na tabia moja iliyonikera: kila akipiga simu lazima aisifu nchi ya mumewe. "Sisi huku taa tunasahau kuzizima," anasema, na mimi hapo niko kwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu, maana ile ya umeme imegeuka meza ya vikombe. Nami sikubali kushindwa. Nikamwambia huku kwetu hewa safi, mboga zinaota mpaka kwenye mtaro. Tulibishana hivyo miaka, kama mashabiki wa timu mbili ambazo zote zinashuka daraja.

Mzaha uliisha mapafu ya mama yalipochoka. Tangu ujana wake mama alipikia wanafunzi kwa kuni, kwenye jiko lisilo na dirisha, na moshi ule ulimkalia kifuani. Daktari alisema bila mashine ya oksijeni hafiki mbali. Tukachanga na majirani, tukapata iliyokwishatumika, boksi lenye magurudumu na mpira wa kuweka puani. Ilifanya kazi vizuri sana ikipata umeme. Na huku kwetu umeme ni mgeni anayepiga hodi, ukitoka kumfungulia ameshaondoka.

Ulipokatika, mama aliinama mbele, mikono magotini, akavuta pumzi kwa mabega. Nilimpepea kwa kipande cha katoni huku nikilitukana shirika la umeme. "Usinimalizie hewa kwa matusi," aliniambia. Siku moja midomo yake ilibadilika rangi mbele ya wateja wangu. Nilimpigia dada, nikameza kiburi, nikamwambia kashinda, nchi yake ndiyo nchi, aje amchukue mama.

Alikuja na gari la kukodi, tukavuka mpaka sote watatu na mashine yetu. Nisiseme uongo, mtaa wake una lami, choo cha kuvuta maji, na umeme hauchezi. Hauchezi kwa sababu nyumba zao ziko laini moja na kiwanda cha saruji, ambako shemeji anaendesha mtambo wa kusaga mawe. Kiwanda hakizimwi, kwa hiyo na wao hawazimiwi. Tulichomeka mashine, ikaguruma, mama akapata usingizi. Nilimwonea dada wivu mpaka nikajichukia.

Asubuhi nilifungua dirisha, dada akaja mbio kulifunga. Madirisha yote yamezibwa kwa selotepu pembeni, nguo zinaanikwa ndani. Nilipitisha kidole juu ya meza aliyoifuta muda huo huo, kikatoka kijivu. "Utazoea," alisema, kisha akaenda kukohoa jikoni, akidhani hatusikii.

Mashine ile huvuta hewa ya chumbani na kuichuja ndipo impe mgonjwa. Nyuma kuna sponji ndogo. Kwetu nilikuwa naiosha siku nikikumbuka. Kwa dada niliiosha asubuhi, jioni imeziba, ngumu kama mkate uliolala. Haikuchukua siku nyingi mama akaanza tena kuvuta kwa mabega, na taa inawaka juu ya kichwa chake. Kwetu hewa ipo, mashine haiwaki. Huku mashine inawaka, hewa hakuna. Hapo nilichoka kabisa.

Nikamgeukia dada. "Miaka yote unanitambia taa. Ulishindwa kusema unaishi ndani ya mfuko wa saruji?"

"Na wewe uliniambia lini kwamba mama anaishiwa pumzi kila siku? Ulikuwa unanisimulia mboga."

Alitaka kuendelea, kikohozi kikamshika. Akashikilia mlango mpaka kilipoisha. Mama alikuwa kitandani, anasikiliza.

"Kikohozi hicho nakijua," alisema. "Changu kilianza hivyo hivyo, nikasema ni baridi. Umepima?"

Dada akasema amepima. "Waliniambia nihame. Nihamie wapi, mama? Kazi ya baba watoto iko hapa."

Mama akavua mpira puani, akaufuta kwa ncha ya nguo yake, akamnyooshea. "Shika. Mimi nirudisheni kwangu. Kule hii ni pambo tu, hapa itakufaa. Na sponji uwe unaiosha."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia haiwezekani, nikamkumbusha ile siku ya midomo. "Mama, bila hii unakufa."

"Najua," alisema. "Mimi watoto wangu ni wakubwa. Wa mwenzio bado hata viatu wanavalishwa."

Dada alilia, hakutaka kuupokea. Mama alimvuta mkono, akaviringisha mpira kiganjani mwake, akamfumba vidole kimoja kimoja. Kisha akaniambia mimi nikatafute gari.

Nilisimama barabarani kwenye vumbi lile. Nilikuwa naogopa, nasema ukweli, kwa sababu nilijua tukishaingia garini hakuna kurudi nyuma. Gari la kwanza liliposimama nilimwambia dereva aende tu, namsubiri mtu. La pili nikasema vivyo hivyo. La tatu lilisimama kabla sijainua mkono. Nikageuka, nikamwona mama ameshatoka. Kashikilia mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, mabega yanapanda na kushuka, na kwa mkono wa pili anampungia dereva asubiri.