Nguzo katika Njia ya Ng'ombe

"Shikamoo, shemeji," alisema Marieta, na kama ilivyokuwa kwa miaka miwili sasa, shemeji yake hakuitika marahaba. Tluway alitema mate kando ya shimo ambalo fundi alikuwa amelichimba hadi kina cha goti, kisha akausukuma udongo kwa mguu, ukarudi ndani.

"Fukia," alimwamuru fundi.

Fundi huyo, Yonas, alikuwa mtu wa makamo aliyefika asubuhi ile kutoka Mbulu mjini, pikipiki yake ikiwa imelemewa na mabunda ya waya. Aliiegemea sururu yake bila haraka. "Mzee, mimi nimetumwa kuunganisha laini ya simu na intaneti katika nyumba ile pale. Kutoka barabarani hadi kule ni mbali. Bila nguzo ya katikati waya utalegea, na mkokoteni wa kwanza kupita utaukata."

"Ukatwe. Umeuliza ardhi hii ni ya nani?"

Marieta alikunja mikono chini ya khanga yake. Shamba la shemeji lilienea kutoka barabarani hadi kwenye ua wa Marieta, na ubavuni mwa shamba hilo palishuka kipande chembamba cha ardhi, hatua kumi na tano kwa upana, kikielekea chemchemini; shimo la fundi lilikuwa mwanzoni mwa kipande hicho. Marehemu mumewe, Emanuel, alikuwa akipita hapo kila alfajiri. Alipokufa, hata matanga hayajaanuliwa vizuri, Tluway alipanda vitunguu swaumu katika kipande hicho, akakizungushia matawi ya minyaa, na kumwachia mjane ujia wa kupita mtu mmoja mmoja. Marieta alinyamaza wakati ule. Leo hakuweza kunyamaza.

Leo ilikuwa Ijumaa. Binti yake, Eva, aliyevunjika nyonga mwaka uliopita, alikuwa amepata kazi ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika, kazi ya ofisi moja ya Arusha ambayo mtu huifanya akiwa nyumbani kwake. Sharti lao lilikuwa moja tu: laini ya uhakika nyumbani, iliyojaribiwa kabla ya saa kumi jioni ya siku ile. Ikishindikana, nafasi ingepewa mwingine. Mtandao wa simu ya mkononi, hapo kwao Maretadu, ulipatikana juu ya mwamba ulio nyuma ya shule tu, na mtu wa magongo hapandi mwamba.

Mwenyekiti wa kitongoji, Agustino, alifika akihema, koti lake limefungwa vifungo vyote. Marieta ndiye aliyemwita. Tluway hakungoja aulizwe.

"Mwenyekiti, mimi sina roho mbaya. Waya upite, nguzo isimame, hata sasa hivi. Ila ile fomu ya fundi iandikwe jina langu. Mimi ndiye mkubwa wa familia hii."

"Fomu inataka jina la mwenye nyumba, mzee," alisema Yonas.

"Ndiyo. Andika Tluway."

Marieta aliona mara moja shemeji alikokuwa akielekea. Karatasi yenye mhuri, yenye namba ya nyumba na jina la Tluway juu yake: hiyo ndiyo ambayo ingewekwa mwakani mbele ya baraza la ardhi.

"Mama!" Eva aliita kutoka mlangoni, amejiegemeza kwenye magongo yake. "Mwache aandike. Ni jina tu. Saa saba imekwisha kupita!"

"Jina tu?" Marieta alijibu bila kugeuka. "Mlango huo uliouegemea aliutengeneza baba yako kwa mikono yake. Rudi ndani, ukae."

"Mtoto ana akili kukushinda," alisema Tluway, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Wewe uliletwa hapa na ng'ombe wetu wa mahari. Jina lako litasimamaje juu ya nyumba yetu?"

"Liliposimama jikoni kumpikia mama yenu miaka tisa alipokuwa hajiwezi, hukuuliza linasimamaje."

Tabasamu la Tluway lilizimika. Aligeukia upande wa boma lake, akapaza sauti. "Pascal! Fungulia ng'ombe, walete hapa! Wote!" Kisha akamtazama fundi. "Watasimama juu ya shimo hili mpaka jua lizame. Nione utachimbia wapi."

Agustino alijaribu kusema neno la kutuliza. Hakuna aliyemsikiliza.

Ng'ombe hao walikuwa wamerudi jana tu. Ukame ulipokaza, miaka miwili iliyopita, Tluway aliwapeleka Gehandu, nyanda za chini, kwa rafiki yake mfugaji, kama wanavyofanya watu wengi wa milimani. Vitunguu vilipandwa wakiwa huko. Mwanawe Pascal aliwaswaga kutoka bomani, kumi na wanane, wamekonda kwa safari, mbele yao ng'ombe jike mzee mwenye pembe moja.

Jike lile lilifika shimoni, likanusa udongo mbichi, likapiga chafya. Kisha likainua kichwa. Marieta, aliyelikamua kwa miaka mingi kabla halijachukuliwa na shemeji pamoja na mengineyo, aliona masikio yake yakisogea mbele. Lilizunguka shimo, likaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio wa matawi, likausukuma kwa kifua. Matawi yakalala. Likaingia kwenye vitunguu.

"Lizuie!" alifoka Tluway.

Pascal alikimbia na fimbo, lakini jike lilimkwepa na kuendelea na mwendo wake uleule, bila kuinama kuonja jani hata moja. Nyuma yake waliingia wengine, mmoja mmoja, kwa mstari, kama wanafunzi waliopigiwa kengele. Walikuwa wakienda kunywa maji. Walipita walipokuwa wakipita tangu walipozaliwa.

Jirani yao Verediana, aliyekuwa akipanda kutoka chemchemini na ndoo kichwani, alijibanza kando kuwapisha. "Karibuni nyumbani, wazee wangu!" aliwaambia ng'ombe. "Nyinyi angalau hamkusahau!" Na kicheko chake kilisikika hadi barabarani.

"Wameacha njia!" Tluway alipiga kelele, akikanyaga vitunguu vyake mwenyewe katika kuwakimbilia. "Pascal, wameacha njia, warudishe!"

"Wameacha njia ipi, Tluway?" aliuliza Agustino.

Tluway alisimama.

Mwenyekiti alifungua kifungo cha juu cha koti lake, kama mtu aliyepata pumzi. "Njia ya ng'ombe ya kwenda majini hailimwi, haizibwi, wala haina mwenyewe. Hata watu wenye kisasi cha damu hupishana humo. Hilo ulifundishwa kabla hujaota meno. Nami nilikaa kimya ulipopanda, nikaogopa ugomvi. Hilo ni kosa langu. Leo ng'ombe wako mwenyewe wametuonyesha. Fundi, simika nguzo pembeni, mifugo ipite. Ruhusa natoa mimi, si huyu wala huyu."

Yonas alikwisha kuinua sururu kabla sentensi haijaisha.

"Nguzo ya mti huoza," Tluway alimwambia Marieta kwa sauti ya chini. "Nitakuwapo siku hiyo."

"Okota vitunguu vyako, shemeji. Vimevunwa mapema."

Saa kumi kasorobo waya ulikuwa umeingia dirishani, na kisanduku kilichowekwa juu ya kabati kiliwasha taa zake za kijani moja baada ya nyingine. Eva alikuwa bado amemnunia mama yake. Alikaa mbele ya kompyuta, akiuma kucha. Yonas alijaza fomu, Marieta akaweka saini yake kwa herufi zilizonyooka kama alivyofundishwa darasani. Ndipo simu mpya ya mezani ilipolia.

"Ni ofisini kwetu," alisema fundi. "Wanahakiki laini. Pokea, mama."

Marieta aliinuka, lakini kwanza alikwenda kulifungua dirisha linaloelekea njiani. Tluway alikuwa ameinama humo, akikusanya vitunguu vilivyokanyagwa. Ndipo Marieta akapokea simu.

"Habari za jioni, mama. Tunazungumza na mwenye laini?"

"Ndiye mimi!" alisema Marieta. "Marieta, mjane wa Emanuel. Mwenye laini na mwenye nyumba!"

Kule njiani mgongo wa Tluway ulinyooka, ukabaki hivyo.

"Mama," Eva alinong'ona, "wanakusikia vizuri. Huna haja ya kupaza sauti."

"Si wao ninaowapazia."

Eva alimtazama, kisha akatazama nje. Akavaa visikilizio vyake masikioni, na maandishi ya ofisi ya Arusha yakajitokeza kwenye kioo yakithibitisha laini na kumkaribisha kazini.

"Basi funga dirisha," alisema, "nianze."

Marieta alilifunga, akatia na komeo.